Jioni ya Viwanja Viwili

Sogeeni karibu, wajukuu, niwasimulie timu moja iliyohitaji viwanja viwili ili ifuzu. Kiwanja cha kwanza kilikuwa hapo Temeke, Dar es Salaam, na Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, ilikuwa inakipiga na Uganda. Cha pili kilikuwa Praia, mji mkuu wa Cape Verde, visiwa vya huko Bahari ya Atlantiki, ambako Tanzania haikuwa na mchezaji hata mmoja. Ilikuwa Jumapili, tarehe 24 Machi 2019. Nyinyi wengine hata kutembea mlikuwa bado.

Zawadi iliyokuwa inagombewa ni tiketi ya kwenda Misri, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON. Shirikisho la soka la Afrika, CAF, lina wanachama 54. Nafasi za Misri zilikuwa 24, na hizo ni nyingi, maana kabla ya hapo zilikuwa 16 tu. Wengine lazima wabaki nyumbani, ndiyo maana kuna mechi za kufuzu.

Timu ndogo huanzia mbali zaidi. Hupangwa mbili mbili katika hatua ya awali, wakacheza nyumbani na ugenini, anayeshindwa safari yake imeishia hapo. Msidharau mlango huo. Madagascar walipitia huko huko kwa kuitoa São Tomé, na walipofika Misri wakaifunga Nigeria mabao 2-0 na kwenda hadi robo fainali!

Baada ya hapo huja makundi. Safari ile yalikuwa 12, kila moja na timu nne, na mbili za juu ndizo zinazofuzu. Pigeni hesabu wenyewe: mbili mara 12. Kila timu hukutana na wenzake watatu, mara moja kwake na mara moja kwao, kwa hiyo ni mechi sita. Ushindi pointi tatu, sare pointi moja, ukifungwa huna kitu. Mechi hizo hazichezwi mwezi mmoja. Tanzania ilianza Juni 2017 na kumaliza Machi 2019, na katikati wachezaji walirudi kwenye klabu zao kama kawaida.

Kundi letu lilikuwa L: Uganda, Tanzania, Lesotho na Cape Verde. Mechi ya kwanza Lesotho walikuja Dar es Salaam. Mbwana Samatta akafunga, Lesotho wakarudisha, ikaisha 1-1. Watu walinung'unika kidogo wakaenda zao. Ikumbukeni mechi hiyo. Tukatoka suluhu na Uganda kwao, tukachapwa 3-0 Praia, siku chache baadaye tukawafunga Cape Verde 2-0 hapa nyumbani, kisha Novemba 2018 tukaenda Lesotho na kufungwa 1-0.

Kwa hiyo kabla ya mechi ya mwisho Uganda walikuwa na pointi 13, wameshafuzu, hawana wasiwasi. Tanzania 5. Lesotho 5. Cape Verde 4. Nafasi imebaki moja, wanaoitaka ni watatu.

Hapa ndipo penye utamu. Timu mbili zikilingana pointi, nani yuko juu? Wengi hukimbilia tofauti ya mabao, yaani uliyofunga ukitoa uliyofungwa. Tanzania ilikuwa imefunga 3 na kufungwa 5. Lesotho walikuwa wamefunga 3 na kufungwa 7. Kwa hesabu hiyo tulikuwa mbele, na katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia, FIFA huanza na hesabu hiyo hiyo. CAF hawaanzi hapo. Wao huuliza kwanza: nyinyi wawili mlipokutana ilikuwaje? Tulipokutana, Lesotho walipata pointi nne, sisi moja. Sare ile ya Juni 2017, ambayo watu walikuwa wameshaisahau, ikawa imekaa juu ya meza pamoja na kipigo cha Novemba. Kwa maoni yangu kanuni ya CAF ni ya haki zaidi, kwa sababu mabao matano uliyomfunga mnyonge fulani hayasemi lolote juu yako na mimi. Lakini siku ile sikuipenda hata kidogo.

Maana yake ni hii: Tanzania ilikuwa lazima ishinde. Na hata ikishinda, Lesotho wakishinda nao kule Praia, timu zote mbili zinafika pointi nane na anayekwenda ni Lesotho. Kocha wetu, Emmanuel Amunike wa Nigeria, aliyewahi kuwa Mwanasoka Bora wa Afrika mwaka 1994, angeweza kuwapanga vijana wake kwa ajili ya Uganda tu. Praia hakuwa na la kufanya.

Na Uganda wenyewe hawakuwa wepesi. Katika mechi tano walikuwa hawajafungwa hata bao moja. Simon Msuva akawa wa kwanza kuwafunga, kipindi cha kwanza. Baada ya mapumziko Erasto Nyoni akapiga penalti ikaingia, na Agrey Morris akaongeza la tatu. Tatu bila! Huku Temeke watu wanashangilia, huku wanachungulia simu zao, kwa sababu bao moja tu la Lesotho lingezima ngoma yote. Halikuingia. Praia iliisha 0-0. Tanzania pointi 8, Lesotho 6, Cape Verde 5.

Mara ya mwisho kabla ya hapo tulikwenda mwaka 1980, Nigeria, wakati mashindano yalikuwa ya timu nane tu. Tiketi ile tuliipata kwa kuitoa Zambia, na bao la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979 wazee hulisimulia hadi leo. Kati ya safari hizo mbili ni miaka 39.

Mwaka 2019 Afrika Mashariki ilijaa Misri. Kenya walikwenda, Uganda walikwenda, na Burundi walifuzu kwa mara yao ya kwanza. Sisi tulifungwa mechi zote tatu, na Kenya ndio waliotuuma zaidi: 3-2, baada ya sisi kutangulia mara mbili.

Tangu hapo tumefuzu tena mara mbili, zote siku ya mwisho. Septemba 2023 tulihitaji pointi moja tu ugenini Algeria, tukatoka na 0-0. Novemba 2024 tuliifunga Guinea 1-0 Dar es Salaam, na mfungaji alikuwa Msuva yule yule.

AFCON ya 2027 CAF wamewapa Kenya, Tanzania na Uganda waiandae pamoja, na mwenyeji hupewa nafasi yake bila kuisotea. Kwa hiyo safari hiyo mtastarehe. Mashindano yatakayofuata baada ya hayo, chukueni daftari tangu mechi ya kwanza, mwandike kila matokeo, na sare za nyumbani mzipigie mstari mwekundu.