Mwenye Nguvu Naye Ampishe Nani?

Wahenga walituachia neno: mwenye nguvu mpishe. Ushauri huo hupewa mnyonge ili apate kusalimika njiani. Lakini mwenye nguvu naye ampishe nani? Swali hili linamhusu askari kuliko mtu mwingine yeyote, kwani yeye amekabidhiwa bunduki, rungu na pingu, ilhali raia anayemkabili ana mikono mitupu. Katika makala haya tutalitafutia jibu katika zama za makhalifa wa kwanza wa Kiislamu, waliotawala baada ya Mtume Muhammad kufariki mwaka 632. Majeshi yao yalizitikisa dola mbili kuu za wakati ule, Uajemi na Rumi. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba unyenyekevu wao ulikuwa wa watu wasio na uwezo.

Khalifa aendaye kwa miguu

Kabla ya kufariki kwake, Mtume alikuwa ameandaa jeshi la kwenda kwenye mipaka ya Sham na kumfanya Usama bin Zaid kuwa amiri wake. Usama alikuwa kijana ambaye umri wake haukuzidi miaka 20, na baba yake aliwahi kuwa mtumwa kabla ya kuachwa huru. Baadhi ya watu wazima walinung'unika, wakataka apewe uongozi mtu aliyemzidi umri. Abu Bakr, khalifa wa kwanza, alikataa katakata kumwondoa.

Siku ya safari, Abu Bakr aliwasindikiza askari. Usama alikuwa juu ya mnyama wake na khalifa akitembea chini vumbini. Kijana aliona haya, akamwomba mzee apande, ama sivyo yeye atashuka. Abu Bakr hakukubali lolote kati ya hayo. Tena, alipohitaji Umar bin Khattab abaki Madina kumsaidia kazi, hakutoa amri bali alimwomba Usama ruhusa, kwa sababu Umar alikuwa askari chini ya amiri huyo. Kwa kitendo hicho manung'uniko yalipata jawabu kuliko kwa hotuba ndefu: jeshi zima liliona kwamba heshima ya amri haitokani na nasaba wala mvi.

Ndipo akawapa wosia. Aliwakataza kufanya hiana na kukatakata maiti za maadui. Aliwakataza kuua watoto, wazee na wanawake, kukata miti yenye matunda, kuchoma mitende, na kuchinja mifugo isipokuwa kwa chakula. Aliwaambia kuwa watawakuta watawa katika nyumba zao za ibada, nao wawaache na ibada yao. Tukumbuke kwamba maneno hayo yalitamkwa zaidi ya miaka 1,200 kabla ya mataifa kutia saini Mkataba wa kwanza wa Geneva mwaka 1864.

Jemadari mbele ya watu

Khalid bin Walid alikuwa jemadari mwenye sifa kubwa kuliko wote, aliyeitwa Upanga wa Mwenyezi Mungu. Umar aliposhika ukhalifa mwaka 634, alimwondoa katika uongozi mkuu wa majeshi ya Sham na kumweka Abu Ubaida bin Jarrah. Khalid hakuasi; aliendelea kupigana chini ya mwenzake, na mwaka 636 alikuwa miongoni mwa mashujaa wa vita vya Yarmuk.

Miaka michache baadaye ilisikika kwamba amemtunza mtu mmoja dirham 10,000. Umar aliamuru aulizwe hadharani: fedha hizo ni zake au ni za ngawira? Bilal, aliyepata kuwa mtumwa, ndiye aliyemvua jemadari kilemba chake wakati wa mahojiano. Khalid alijibu kwamba ni mali yake mwenyewe. Hapo Bilal akamvika tena kilemba kwa mkono wake na kwa heshima. Hata hivyo Khalid aliachishwa kazi, na Umar akaitangazia miji kwamba hakumwondoa kwa chuki wala kwa hiana, bali alichelea watu wasije wakadhani ushindi unatoka kwa mtu mmoja. Huenda wako watakaoona kwamba adhabu hiyo ilikuwa nzito. Lakini Khalid, ambaye askari wengi wangalimfuata popote, alitii.

Ukuta na mlango

Umar alikuwa na desturi ya kufanya doria usiku katika mitaa ya Madina. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja alisikia sauti za ulevi nyumbani mwa mtu, akaparamia ukuta na kumfumania. Mtu yule akamjibu kwamba ikiwa yeye ametenda kosa moja, khalifa ametenda matatu: amepeleleza siri za watu, hakuingia kwa mlangoni, wala hakubisha hodi na kutoa salamu, na yote matatu yamekatazwa katika Kurani. Umar hakumpiga wala hakumfunga kwa kuthubutu kujibu. Alikubali kwamba hoja ni ya kweli, akaondoka.

Naye Ali bin Abi Talib, khalifa wa nne (656–661), aliiona deraya yake ya vita mikononi mwa mtu asiye Mwislamu. Hakumnyang'anya; alimpeleka kwa kadhi Shuraih mjini Kufa. Kadhi alitaka ushahidi, khalifa akawa hana wa kutosha, na hukumu ikampa ushindi raia yule. Ali aliipokea. Wapokezi wanasema mtu huyo alishangazwa na uadilifu huo hata akakiri mwenyewe kwamba deraya haikuwa yake.

Ndugu askari, visa hivi vyatupa jibu la swali letu. Mwenye nguvu humpisha mwenye haki, hata akiwa mnyonge asiye na shahidi ila ukweli wake. Kupisha huko hakukumpunguzia Abu Bakr utii wa jeshi, wala Umar hofu ya wahalifu. Raia anayejua kwamba askari atabisha hodi mlangoni hatakimbia akiiona sare yake. Atamfungulia, na atamweleza anayoyajua.