Chumvi ya Damu na Homa ya Malaria

Miaka michache iliyopita karani mwenzangu, mtu wa milimani, alihamishwa kwenda kufanya kazi karibu na ziwa. Mtu aliyekulia penye baridi hana kinga ya malaria kama mwenyeji wa Kisumu, hata akiwa na nguvu namna gani. Homa ilipomshika alikaa nyumbani siku tatu, akitapika na kunywa maji matupu. Alipofikishwa hospitali hakujua hata ilikuwa siku gani. Nduguze wakamsihi daktari amtundikie chupa za maji upesi upesi. Daktari hakukubali kuharakisha, nao wakanung'unika sana.

Walakini daktari alikuwa na sababu. Damu ya mtu mwenye afya ina chumvi iitwayo sodiamu, kwa kawaida milimoli 135 hadi 145 katika kila lita. Malaria kali huufanya mwili uzuie maji, na kutapika hupoteza chumvi. Basi anayerudisha maji matupu peke yake huizidi kuizimua damu. Hapo mtu huumwa na kichwa, hulegea, na pengine akili huchafuka. Lakini malaria iliyopanda kichwani huleta dalili zizo hizo, na upungufu wa sukari katika damu vilevile. Kwa hiyo damu hupimwa, haikisiwi.

Chumvi ya pili, potasiamu, ni ya hatari zaidi. Kutapika huipunguza. Figo zikishindwa kazi, jambo ambalo malaria kali huwatendea watu wazima mara nyingi kuliko watoto, hupanda hata moyo ukaweza kusimama ghafula. Ndiyo maana mwuguzi huuliza habari za mkojo. Mkojo ukiwa mchache au mweusi, msione haya kusema.

Na zile chupa? Katika mtu mzima mwenye malaria kali, maji yakizidi huingia mapafuni, naye hushindwa kupumua. Dawa yenyewe ni sindano ya atesuneti: ya kwanza mara afikapo, kisha baada ya saa 12, kisha saa 24.

Kwa anayeharisha au kutapika naye bado aweza kunywa, iko pakiti ya chumvi na sukari ya dukani. Huchanganywa katika maji safi kwa kipimo kamili kilichoandikwa kwenye pakiti, wala maji hayapunguzwi ili iwe kali, kama nilivyoona wengine wakifanya.

Karani yule alichomwa sindano, akapewa maji kidogo kidogo, na damu yake ikapimwa kila siku. Siku ya nne aliuliza mshahara umefika.