Mtafiti Si wa Maabara Tu

Mwaka 2025 wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi walitakiwa kuchagua mikondo watakayoifuata katika shule za sekondari ya juu. Mikondo yenyewe ni mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, kisha sanaa na michezo. Wizara ya Elimu ilitangaza nia yake kwamba asilimia 60 ya wanafunzi waingie mkondo wa kwanza, asilimia 25 wa pili, na asilimia 15 wa tatu. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Taifa linahitaji wahandisi na madaktari, na hakuna asiyelijua hilo. Ninachokitilia shaka ni fikira iliyoanza kuota mizizi miongoni mwa wazazi, na hata baadhi ya walimu, kwamba mkondo wa kwanza ni wa watakaotafiti na ile mingine miwili ni ya watakaosimulia.

Fikira hiyo huwafuata vijana hadi chuo kikuu. Mwanafunzi wa lugha akitakiwa kuandika pendekezo la utafiti, mara nyingi hujiona kama mgeni aliyekaribishwa karamuni kwa bahati mbaya. Utafiti kwake ni darubini, ni koti jeupe, ni chupa za dawa. Yeye mwenye daftari na kinasa sauti atatafiti nini? Basi huishia kunakili mada ya mwenzake wa mwaka uliopita, akabadilisha jina la riwaya na jina la mwandishi. Hali hii inasikitisha, kwa sababu baadhi ya maswali magumu kabisa yaliyopata kuulizwa katika nchi hizi zetu hayakujibiwa na maabara pekee. Mengine hata hayakuanzia huko.

Tuchukue swali ambalo limewatoa watu jasho kwa zaidi ya karne moja: Waswahili ni nani, na walitoka wapi? Masimulizi ya wenyewe, kama yale ya Khabari za Kilwa, yanataja watawala waliotoka Shirazi katika nchi ya Uajemi. Wataalamu wengi wa enzi ya ukoloni waliyashika masimulizi hayo na kuyanyoosha kupita kiasi, wakadai kwamba miji ya pwani iliundwa na wageni na kwamba Mwafrika alikuwa mtazamaji tu. Waliokuja baadaye walijibu kwa kuyatupilia mbali masimulizi yote, wakayaita hekaya za watu waliotaka kujipandisha hadhi.

Wanaisimu walikwenda njia yao. Walikaa na wasemaji, wakaandika maneno na kulinganisha sauti moja baada ya nyingine. Mgiriama husema madzi, mtu wa Mombasa husema maji, na wa Lamu husema mai. Tofauti hizo hazikuzuka ovyo. Zina utaratibu, na utaratibu huo hujirudia katika maneno mengi mno kiasi cha kutoweza kuitwa sadfa. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch waliikusanya kazi hiyo katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1993, wakaonyesha kwamba Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja na Kimijikenda, Kipokomo na Kikomori katika kundi la lugha za Kibantu liitwalo Sabaki. Nanga, bandari na dirisha ni maneno yenye asili ya Kiajemi, lakini mgeni anayeleta nanga hajaleta ngeli za nomino. Uti wa mgongo wa lugha ni wa hapa hapa. Wanaakiolojia nao, wakiongozwa na Mark Horton, walichimba Shanga katika kisiwa cha Pate kuanzia mwaka 1980. Chini ya misikiti ya mawe walikuta alama za misikiti midogo iliyotangulia, ya miti na udongo, mmoja juu ya mwingine, ikirudi nyuma hadi karne ya nane.

Kisha mwaka 2023 wanajenetiki walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, pamoja na Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa. Miongoni mwa waliosimamia kazi hiyo alikuwamo Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia mzaliwa wa Kenya aliyechimba pwani kwa miaka mingi. Waligundua kwamba kufikia takriban mwaka 1000 watu wa pwani na wageni kutoka Asia walikuwa wameanza kuchanganya damu. Upande wa wanawake ulikuwa wa Kiafrika karibu wote, na upande wa wanaume ulikuwa na sehemu kubwa ya Waajemi. Kumbe wazee wa Kilwa hawakuwa wakibuni hekaya tupu! Na wanaisimu nao hawakukosea, kwa maana mtoto hufundishwa kusema na mama yake.

Hapa ndipo ningependa mwalimu wa sekondari asimame kidogo na darasa lake. Nani kati ya watafiti hawa alilijibu swali? Mjenetiki asingeweza kujua lugha waliyosema wale marehemu, kwa sababu mfupa hauna sarufi. Mwanaisimu asingeweza kumwona baba Mwajemi, kwa sababu baba huyo aliacha maneno machache tu. Mwanaakiolojia aliuona msikiti bila kujua ukoo wa aliyeswali ndani yake. Na msimulizi asiyejulikana, ambaye hakuwa na shahada yoyote, alihifadhi habari ambayo wenye shahada waliidharau kwa muda mrefu.

Huenda msomaji akasema kwamba huo ni mjadala wa mambo ya kale, usioponya mtu. Natutazame basi jambo linaloponya. Katika sehemu nyingi za pwani ya Afrika Mashariki, mtoto mwenye homa kali akianza kutetemeka, kukakamaa na kugeuza macho, ugonjwa wake huitwa degedege, au dege. Jina lenyewe lina maelezo ndani yake: dege ni ndege mkubwa, na iliaminika kwamba pepo mwenye umbo la ndege ndiye aliyempitia mtoto. Daktari akimwona mtoto huyo hushuku malaria iliyopanda kichwani. Katika miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi wilayani Bagamoyo, Tanzania, walifanya jambo ambalo linaonekana dogo. Waliwauliza wazazi magonjwa wanayoyajua yanaitwaje, yanatofautianaje, na kila moja hutibiwa wapi.

Majibu yalikuwa na uzito. Kwa wazazi wengi, homa ya malaria na degedege yalikuwa magonjwa mawili yasiyohusiana. Ya kwanza ilikuwa ya hospitali, na ya pili ilikuwa ya mganga. Zaidi ya hayo, wengi walihofu kwamba mtoto wa degedege akidungwa sindano atakufa. Hivyo hata zahanati ingejaa dawa hadi mlangoni, na redio ikatangaza asubuhi na jioni kwamba malaria inatibika, mama wa mtoto wa degedege asingejiona anaambiwa yeye. Tangazo lilizungumzia malaria, naye mwanawe hakuwa na malaria. Kati ya dawa na mtoto palikuwa na neno moja, na neno hilo halionekani kwa darubini.

Sisemi hivi ili kuwapunguzia wanasayansi heshima yao. Kule Kilifi, ambako kituo cha utafiti cha KEMRI na wenzao wa Wellcome kilianza kazi mwaka 1989, majaribio ya vyandarua vilivyotiwa dawa kati ya mwaka 1993 na 1995 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa takriban thuluthi moja. Kilifi, Siaya na Kombewa zilikuwa miongoni mwa vituo vya Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Hizo ni kazi za kujivunia. Hata hivyo, hakuna chandarua kilichofungwa na hakuna damu iliyotolewa kabla ya mtu kuketi na wazazi, kueleza kwa Kiswahili au Kigiriama au Kidholuo nini kinatakiwa na kwa nini, na kusikiliza wanachokiogopa. Kupata neno la kufaa kwa dhana kama kundi la kulinganishia, kwa lugha ambayo haijawahi kuihitaji, ni kazi ya isimu kwa kila kipimo.

Jicho la mtafiti pia halina mkondo. Marehemu Kamoya Kimeu, aliyefariki mwaka 2022, hakupita shule ya msingi. Alichunga mbuzi utotoni, akaanza kazi ya kuchimba na kina Leakey mwaka 1960. Mwaka 1984, huko Nariokotome magharibi ya Ziwa Turkana, alikiona kipande kidogo cha fuvu kilichofanana rangi na mawe yaliyokizunguka. Kipande hicho kilifungua njia ya kupatikana kwa mifupa ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita. Shahada ya heshima alipewa mwaka 2021, akiwa mzee.

Na kama Kimeu alivyowaokotea wasomi mifupa, Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliwaokotea mashairi. Yeye ndiye aliyeyakusanya mashairi ya Muyaka kutoka vinywani mwa watu katika karne ya kumi na tisa na kumsaidia mmishenari W. E. Taylor kuyaandika na kuyaeleza. Diwani ilipochapwa mwaka 1940, ilichapwa Johannesburg, chini ya jina la mhariri Mwingereza, William Hichens. Mwanahistoria anayetaka kujua Mombasa ilivyokabiliana na Seyyid Said hana budi kuisoma. Sikujua alikuwa mtafiti hata kama hakuitwa hivyo.

Liko jambo jingine linalohusu mikondo yote mitatu, nalo linaniudhi zaidi. Sheria ya mwaka 2013 iliunda Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na mtafiti hupata kibali chake huko, awe anachunguza virusi au anakusanya vitendawili. Vizuri. Lakini kibali huruhusu kwenda. Kurudi hakuna anayekusimamia. Mzee anatoa siku nzima kueleza mila za kaya, mama anatoa damu ya mwanawe, fundi anaonyesha anavyochonga mlango, kisha matokeo huandikwa Kiingereza na kufungiwa katika rafu ya chuo au katika jarida la kulipia. Ndiyo maana katika vijiji vingi anayeuliza maswali mengi hudhaniwa mpelelezi. Wanakijiji hawajaona tofauti, kwa sababu wote wawili huchukua habari wasirudi.

Ombi langu kwa walimu wa Gredi ya 10 ni dogo. Mwalimu wa biolojia na wa Kiswahili waketi pamoja, wawatume wanafunzi wao kwa bibi na babu kuuliza majina ya magonjwa ya watoto na maana zake. Kisha waandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi wa kuwasomea wale wale waliowapa majibu. Wanafunzi wa mikondo yote waende. Wa sayansi atajifunza kuuliza, na wa sanaa atajifunza kuhesabu. Majibu watakayopata Kwale huenda yasifanane na ya Busia, na hapo darasa litakuwa na swali la pili.