Mwanafunzi wa Uhasibu Aonyeshwe Pesa Zinavyotembea

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hilo sisi watu wa pwani twalijua tangu utotoni. Lakini wengi niliowafundisha uhasibu walilijua daftari kwa kukariri tu: debiti kushoto, krediti kulia. Ukiwauliza kwa nini, kimya. Kwa maoni yangu, kompyuta yaweza kuliondoa tatizo hili, mradi itumiwe kuonyesha na si kujumlisha pekee.

Tuchukue mfano wa Sori, mji wa wavuvi kwenye ghuba ya Karungu, Ziwa Victoria, kaunti ya Migori. Tuseme mama mchuuzi ana mtaji wa shilingi 10,000 taslimu. Anunua dagaa, ambao huko huitwa omena, wa shilingi 20,000. Alipa 8,000, na 12,000 zabaki deni. Mwanafunzi aandika tarakimu hizo kwenye lahajedwali, na nguzo mbili za rangi zasimama kwenye skrini. Ya kwanza ni mali: taslimu 2,000 na dagaa wa 20,000. Ya pili ni deni 12,000 na mtaji 10,000. Zote zafika 22,000.

Sasa dagaa wote wauzwa 26,000, kwa mkopo. Nguzo zapanda pamoja hadi 28,000, na faida ya 6,000 yaingia upande wa mtaji. Lakini tazama rangi ya taslimu: haikusogea, ni 2,000 zile zile. Anayemdai akibisha hodi kesho, mama huyu mwenye faida hana cha kumlipa. Somo hilo mwanafunzi amelipata kwa macho yake.

Wazo la lahajedwali ya kompyuta binafsi lenyewe lilitoka darasani. Dan Bricklin alilipata akiwa mwanafunzi wa biashara huko Harvard, na mwaka 1979 yeye na Bob Frankston wakatoa programu ya VisiCalc. Tarakimu moja ikibadilika, nyingine zinazoitegemea hubadilika zenyewe.

Tahadhari ni moja: kompyuta huchora hata makosa. Kwa hivyo mwanafunzi kwanza akisie kwenye karatasi ni rangi gani itapanda, ndipo abonyeze. Kompyuta moja na projekta zatosha darasa zima.

Mwanafunzi wa leo ndiye mweka hazina wa kesho wa kikundi cha wavuvi, kiwe Sori au Vanga. Asipotofautisha faida na taslimu, atawagawia wenzake pesa ambazo bado zimo mifukoni mwa wateja.