Mwaka wa Kuvuta Pumzi Wang'uru

"Daktari, kwani mmegoma tena?"

Swali hilo niliulizwa si mara moja wala mbili katika mwezi wangu wa kwanza hapa Wang'uru. Wa kwanza kuniuliza alikuwa kijana mwendesha bodaboda, aliyeniona siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, nikivuka barabara kuu iendayo Embu hali nimevaa ndara na kushika kibweta cha maziwa. Nilipomweleza kwamba hapana mgomo, bali chuo kimenipa likizo ya mwaka mzima, aliuliza kama mshahara nao umepewa likizo. Nikamjibu kuwa unaingia kama kawaida. Alinitazama kwa huruma, kama atazamwavyo mtu aliyeanza kusema peke yake, kisha akawasha pikipiki yake akaenda zake.

Simlaumu. Wang'uru, au Ngurubani kama wenyeji wengi wauitavyo, si mji wa mapumziko. Mashine za kukoboa mchele hunguruma tangu alfajiri, malori huja na kuondoka, na akina mama wauzao pishori kando ya barabara hawajui saa ya kufunga kazi. Mtu mzima aliye na afya njema, asiyelima, asiyeuza wala asiyebeba gunia, ni lazima awe mgonjwa, mgomaji au mwizi. Mimi nami, nilipokuja, sikuwa nimekuja kupumzika. Nilileta masanduku mawili ya vitabu, tarakilishi, na ratiba niliyoipiga chapa na kuibandika ukutani: saa kumi na moja kuamka, saa kumi na mbili kuandika, na kuendelea hivyo hadi usiku. Mama aliisoma ratiba ile polepole, akavua miwani, akasema: "Mwanangu, wewe wapumzika kama mtu anayefukuzwa."

Yafaa nieleze likizo hii, maana hata vyuoni wapo wasioijua asili yake. Inasemekana kuwa Chuo Kikuu cha Harvard ndicho kilichoianzisha, mwaka 1880, kwa kumruhusu profesa aache kufundisha kila mwaka wa saba. Lakini wazo lenyewe ni kongwe mno kuliko Harvard. Limo katika Mambo ya Walawi, sura ya 25, ambamo Waisraeli waliamriwa kutolima wala kupanda katika mwaka wa saba. Na ajabu ni kwamba aliyepewa likizo hapo si msomi, wala kuhani, wala hata mkulima. Ni ardhi. Neno sabato latokana na mzizi wa Kiebrania wenye maana ya kukoma, kuacha. Si kukoma ili uandike makala matatu na sura nne za kitabu. Ni kukoma, basi. (Wapo wenzetu ambao likizo ya namna hii kwao ni fursa ya kufundisha vyuo viwili badala ya kimoja. Sitawacheka, maana nami nilipiga hesabu hiyo kabla ya kuja.)

Wanafunzi wangu hulalamika kwamba sipiti njia pasipo kuokota neno na kulichungulia. Naomba radhi, kwa kuwa nitafanya hivyo sasa. Kiswahili kimeweka hekima yake juu ya jambo hili ndani ya maneno tunayoyatumia kila siku bila kuyasikia. Kupumzika ni ndugu wa kupumua na pumzi: anayepumzika ni mtu aliyerudishiwa pumzi yake. Nafasi, ambayo hatunayo kila tunapoombwa kumtembelea mgonjwa, yatokana na mzizi wa Kiarabu wa pumzi, ule ule uliotupa nafsi. Kwa hiyo mtu asemapo "sina nafasi", asema zaidi ya ajuavyo. Na likizo? Kamusi zetu zaonyesha kuwa kitenzi likiza, mbali na kumpa mtu ruhusa ya kuacha kazi, chamaanisha pia kumwachisha mtoto ziwa. Nilipokutana na maana hiyo, nikiwa nimekaa chini ya mwembe wa baba, niliikumbuka Zaburi ya 131, zaburi fupi sana, ambamo mtunzi ailinganisha roho yake na mtoto aliyekwisha kuachishwa. Mtoto anyonyaye humjia mama kwa kuwa ana njaa. Aliyeachishwa humjia kwa sababu ni mama tu. Nilijiuliza ni lini mara ya mwisho nilipokuja katika nyumba hii pasipo haja.

Kiebrania nacho kina ajabu yake. Katika Kutoka 31:17, ambapo yaelezwa kwamba Mungu alistarehe siku ya saba, chatumika kitenzi chenye mzizi ule ule wa nafsi: ni kama kusema kwamba Mwenyezi alivuta pumzi. Kitenzi hicho katika umbo hilo chapatikana mara tatu tu katika Agano la Kale lote. Mara nyingine ni kwa Daudi na watu wake, wakiwa wamechoka katika kumkimbia Absalomu. Na mara nyingine, Kutoka 23:12, ni kwa mtoto wa mjakazi na kwa mgeni. Muumba wa mbingu na mwana wa mtumwa wamepewa neno moja la kupumua. Nimesikia mahubiri mengi juu ya Sabato, na mengi yalihusu nani amekosea siku. Sikumbuki hata moja lililomtaja mtoto wa mjakazi.

Nayo Mwea ni mahali ambapo jambo hilo si la kinadharia. Mashamba haya ya mpunga yalianza mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, na mifereji ya awali ilichimbwa kwa mikono ya wafungwa wa kizuizini. Thiba, Gathigiriri, Kandongu: leo ni majina ya vijiji na ya vituo vya matatu, zamani yalikuwa majina ya kambi. Babu yangu, ambaye jina lake ndilo nililo nalo, alikuwa mmoja wa waliochimba. Tarehe 20 Oktoba 2021 taifa zima liliadhimisha Siku ya Mashujaa katika uwanja wa Wang'uru, na tarehe hiyo ndiyo iliyotangaziwa Hali ya Hatari mwaka 1952. Nilitazama sherehe hizo kwenye televisheni huko mjini nikisahihisha mitihani. Sikuwa na nafasi.

Baba alipewa ekari zake nne baadaye, akawa mpangaji wa mradi. Neno mpangaji lastahili kupimwa. Shamba halikuwa lake, mpunga haukuwa wake kuuza apendako, na kanuni za mwaka 1977 zilimtaka atumie muda wake wote shambani, asiondoke mradini kwa zaidi ya mwezi mmoja pasipo kibali cha maandishi cha meneja. Nilipokuwa mdogo sikuwahi kumwona baba akisafiri kwenda kumtembelea mtu akalala. Nilidhani ni tabia yake. Mwaka 1998 wakulima walipoikataa bodi ya unyunyizaji na kuanza kujiuzia mpunga wao wenyewe, jambo la kwanza alilolifanya baba ni kupanda basi hadi Mombasa, akaitazama bahari, akarudi. Hakununua kitu. Nami, mwanawe mwenye shahada ya uzamifu, mwenye haki ya likizo iliyoandikwa katika mkataba wa kazi, nilikaa zaidi ya miaka kumi bila kuiomba.

Nilichonifanya niiombe si hekima. Baba alipatwa na kiharusi. Mkono wa kuume ulilegea, na maneno yakamtoka yote isipokuwa moja: maaĩ, yaani maji kwa Kikikuyu. Ugonjwa huu nimeufundisha miaka mingi. Nimewaeleza wanafunzi habari za daktari Paul Broca wa Ufaransa, aliyemchunguza mwaka 1861 mgonjwa ambaye hakuweza kutamka ila silabi moja, "tan". Huchukua dakika ishirini kueleza, kisha kengele hulia. Sasa mgonjwa yuko kitini mbele yangu, na alikuwa na desturi ya kuniita "Baba", kwa kuwa nimeitwa jina la babaye, na haniiti tena.

Siku za kwanza, kila aliposema maaĩ nilikimbia kumletea kikombe. Alikunywa viwili, vitatu, kwa adabu, kisha akafumba macho kwa kukata tamaa. Aliyenitoa ujingani ni binti yangu wa miaka tisa, tulipokuja naye wakati shule zimefungwa. "Guka hataki maji," aliniambia. "Ataka mlango ufunguliwe. Akitaka maji huteremsha sauti." Mtoto alikuwa amekaa na babu yake siku tatu, hana kitabu wala ratiba, akisikiliza tu. Mama alikuwa anajua zamani, lakini aliniacha nihangaike, kwa sababu, alisema, msomi haambiwi. Tangu hapo niliibandua ile karatasi ukutani. Nilijifunza maaĩ ya mlango, maaĩ ya chai, maaĩ ya "mgeni huyu aondoke", na maaĩ moja ndefu ya jioni ambayo hadi leo sijaielewa.

Jumapili tunapoanza Sala ya Bwana mezani, baba huisema yote, tangu mwanzo hadi amina, bila kukwama. Nakijua chanzo chake: maneno tuliyoyakariri kwa maisha mazima, kama sala, nyimbo na kuhesabu, aghalabu hunusurika pale usemi wa kubuni unapoharibika. Najua, na bado kila Jumapili hufika mahali pa mkate wa kila siku nikashindwa kuendelea, nikamwachia yeye amalize.

Nisije nikaonekana nawasifia walimu wenzangu uvivu. Najua kwamba wengi wanaosoma safu hii hawana likizo ya mwaka, na kwamba hata ile ya mwezi ina wanaoinyemelea. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku masomo ya likizoni, lakini kila Agosti nawaona watoto wakiwa na sare njiani, na ukiuliza waambiwa ni "kambi ya hisabati" au "ushauri nasaha". Wanafunzi wa mabweni huamshwa saa kumi alfajiri. Mzazi hulipia, mwalimu hukubali kwa kuwa mshahara hautoshi, na mtoto hulala juu ya daftari. Sina jawabu la mshahara. Lakini tusidanganyane kwamba mtoto huyo anaelimishwa. Anakoshwa pumzi, na tumempa shughuli hiyo jina la bidii.

Hata ardhi ya hapa imebanwa. Bwawa la Thiba, lililozinduliwa Oktoba 2022, lina uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 15.6, na kwa maji hayo mkulima aweza kupanda mara mbili kwa mwaka pale alipozoea mara moja. Ni neema, na sitamwambia mama mwenye karo ya kulipa kwamba ingekuwa bora shamba lilale. Ila wazee husema udongo nao huchoka, na fahali wanaoburuta ubao wa kusawazishia tope hawaulizwi. Jumapili moja nikitoka ibadani nilimkuta kijana juu ya kichuguu katikati ya mpunga, kombeo mkononi, akifukuza ndege. Nilimuuliza kama huenda kanisani. "Mwalimu," alisema, "ndege hawa hawana dini." Nilicheka, kisha nikaona haya, kwa kuwa shamba lile lilikuwa letu na aliyemwajiri ni mimi. Tulikubaliana kwamba Jumapili alasiri nitashika zamu mimi. Sina shabaha. Ndege wamenizoea.

Marko, sura ya 6, aeleza jinsi Yesu alivyowachukua wanafunzi wake waende mahali pasipo na watu wapate kutulia kidogo, maana hata wakati wa kutia tonge kinywani haukuwapo. Kinachosahauliwa ni kwamba mapumziko hayo yaliharibika. Umati uliwatangulia kwa miguu, na siku ikaishia katika kuwalisha watu elfu tano. Ndivyo mwaka wangu ulivyokuwa. Kitabu nilichokuja kukiandika kina sura moja na nusu. Kumwogesha baba, kumpeleka kliniki na kumfanyisha mazoezi ya mkono kumezila saa nilizozitengea sura nyingine, na sijui nitawaambia nini wakubwa wangu katika ripoti ya mwisho wa likizo, ambayo ina kisanduku cha "machapisho".

Juma lililopita ilikuwa zamu yetu ya maji. Nilimsogeza baba kwa kiti chake hadi ukingoni mwa mfereji, binti yangu akawa ameshika mpini wa nyuma pamoja nami. Mtunza maji alifungua lango huko juu, na tukangoja. Kwanza yalikuja majani makavu na povu, halafu mkondo mwembamba wa rangi ya udongo, halafu mfereji ukajaa. Baba aliinua mkono wake wa kushoto, akauelekeza.

"Maaĩ," alisema.

Binti yangu alinitazama, akacheka. Safari hii alikuwa amepatia.