Dawa Hii Haimngoji Mtu

Kila neno lina historia yake, na neno "atomu" limebeba historia nzito. Watu wengi walisikiapo hukumbuka bomu lililoteketeza mji wa Hiroshima mwezi wa Agosti 1945, nao hawana kosa. Lakini nguvu ile ile, ikishikwa na mkono wa tabibu badala ya mkono wa askari, imekuwa dawa ya wagonjwa kwa miaka zaidi ya 80, na katika miaka hii ya karibuni imepiga hatua kubwa. Leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya dawa hiyo: ni kitu gani, yatoka wapi, yamfikia nani, na kwa nini watu wa nchi maskini huisikia kwa sifa tu. Jambo hili si la madaktari peke yao. Ni jambo la wachukuzi wa mizigo, makarani wa forodha, mafundi, wauguzi na walipa kodi. Kwa hiyo ni jambo letu sote.

DAWA YENYEWE

Tiba ya mionzi tuliyoizoea ni ile ya mashine kubwa, ambayo mgonjwa hulazwa mbele yake na mionzi ikamjia kutoka nje. Dawa tunayoisema hapa ni ya namna nyingine. Huingizwa mwilini kwa kumeza au kwa sindano, nayo huenda kuutafuta ugonjwa mahali ulipojificha. Imeundwa kwa sehemu mbili. Ya kwanza ni kiongozi wa njia, yaani kemikali inayoshikamana na chembe za ugonjwa ule; ya pili ni atomu zinazotoa mionzi. Kiongozi akisha kufika, mionzi huziunguza chembe mbaya kutoka karibu sana, kwa umbali wa milimita chache tu au pungufu ya hapo, na viungo vingine vikasalimika kwa sehemu kubwa.

Mfano wa zamani na ulio rahisi kuuelewa ni iodini, ile ile tuiitayo madini joto katika chumvi. Tezi ya shingo, ambayo wajuzi wa lugha huiita dundumio, huipenda iodini kuliko kiungo kingine chochote. Basi mgonjwa akipewa iodini yenye mionzi, tezi huivuta kwa uroho wake, na chembe zilizoharibika hufa kwa kile zilichokula. Iodini 131 iligunduliwa huko California mwaka 1938, na mwaka 1941 Dr. Saul Hertz wa mji wa Boston alimpa mgonjwa wa tezi dawa ya namna hiyo kwa mara ya kwanza. Hata leo, mtu ambaye tezi yake yafanya kazi kupita kiasi, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka na mwili unakonda ijapokuwa anakula, mara nyingi aweza kuponywa kwa kidonge kimoja, bila ya kisu.

Iliyo mpya ni lutetiamu 177. Madaktari wa Rotterdam, nchini Uholanzi, waliitumia kwanza kwa uvimbe wa namna ya pekee unaoota matumboni na katika kongosho. Wanasayansi wa Heidelberg, nchini Ujerumani, wakapata kiongozi wa kuifikisha kwenye saratani ya tezi dume. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wanaume 831, ambao saratani hiyo ilikuwa imekwisha kuenea miilini mwao na dawa nyingine zimeshindwa. Kwa kipimo cha mtu wa katikati, waliopewa lutetiamu pamoja na matunzo ya kawaida waliishi miezi 15.3, na waliopewa matunzo ya kawaida peke yake waliishi miezi 11.3. Mtu asidanganywe kwamba huo ni uponyaji kamili. Ni miezi minne. Lakini kwa baba mwenye watoto shuleni na shamba lisilopaliliwa, miezi minne isiyo na maumivu makali si kitu kidogo.

JASHO LA KATANGA

Sasa tuulize: mali hii ilitoka wapi? Marie Curie na mumewe Pierre waligundua radiamu huko Paris mwaka 1898, na haukupita muda mrefu madaktari wakaanza kuitumia kutibu saratani. Tatizo lilikuwa bei. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walichangishana dola 100,000 ili kumnunulia Bibi Curie gramu moja tu. Wakati huo huo, mgodi wa Shinkolobwe katika Katanga, nchini Kongo, ulikuwa unaanza kuchimbwa. Mawe yake yalikuwa na urani na radiamu nyingi ajabu. Kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière iliyasafirisha hata Olen, nchini Ubelgiji, na kuanzia mwaka 1922 radiamu ikasafishwa huko kwa wingi, hata Ubelgiji ikatawala biashara hiyo duniani kwa miaka mingi.

Yafaa jambo hili likumbukwe vizuri. Hospitali za Ulaya na Marekani ziliwatibu wagonjwa wao kwa radiamu iliyochimbuliwa na mikono ya Waafrika, miongoni mwao wasemaji wa lugha yetu hii ya Kiswahili. Urani ya mgodi huo huo ndiyo iliyotumika baadaye katika kazi ya kutengeneza mabomu ya mwaka 1945. Mchimbaji wa Katanga alitoa mawe ya dawa na mawe ya bomu; kwa upande wake alibaki na vumbi.

Hata leo mwendo haujabadilika sana. Kazi kubwa ya uvumbuzi wa lutetiamu ilifanywa katika vyuo na hospitali za umma. Halafu makampuni yakaja na fedha. Mwaka 2018 kampuni moja kubwa ya Uswisi, Novartis, ilinunua makampuni mawili yenye dawa hizo kwa jumla ya dola bilioni 6 hivi. Dawa ya tezi dume ilipopewa kibali huko Marekani mwaka 2022, bei yake ilikuwa zaidi ya dola 40,000 kwa sindano moja, na mgonjwa aweza kuhitaji sindano sita. Hatukatai kwamba majaribio ni ya gharama na kwamba mwenye kutia fedha hutaka zirudi. Twasema tu kwamba bei ya namna hiyo imeandikwa bila ya kumfikiria mfanyakazi wa Dar es Salaam, wa Lubumbashi wala wa Kampala.

HAIWEKWI GHALANI

Lakini bei siyo kikwazo cha pekee. Dawa hii ina tabia isiyo ya dawa nyingine: hufa yenyewe njiani. Iodini 131 hupungua nusu kila baada ya siku nane; lutetiamu 177 kila baada ya siku sita na kitu. Maana yake ni kwamba haiwezekani kuinunua ya mwaka mzima na kuijaza ghalani. Kila siku ipitayo, karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu ya lutetiamu hutoweka, awe mtu ameitumia au hakuitumia. Sanduku likifika uwanja wa ndege Ijumaa jioni na likakaa hapo hata Jumatatu jioni kwa kuwa mwenye mhuri amekwenda nyumbani, zaidi ya robo ya dawa imekwisha potea. Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Hapa akawiaye humkuta mgonjwa si wake.

Ndiyo maana tumesema kwamba jambo hili ni la wafanyakazi wote. Marubani na makampuni ya ndege mara kwa mara hukataa kuchukua mizigo ya mionzi, hata ikiwa imefungwa kwa risasi na kuandikwa kama sheria za kimataifa zitakavyo. Makarani huogopa alama iliyobandikwa juu ya sanduku, na hofu hiyo yatokana na kutofundishwa. Mchukuzi aliyefundishwa namna ya kulishika sanduku lile, karani anayejua kwamba karatasi zake zafaa ziwe tayari kabla ya ndege kutua, na dereva asiyepitia kwingine njiani, ni watu wa tiba kama alivyo daktari mwenyewe.

Hata nchi tajiri zimeonja uchungu wa kukosa.  Mwezi wa Mei 2009 kinu cha atomu cha Chalk River, nchini Kanada, kilifungwa kwa kuvuja, kikarudi kazini mwezi wa Agosti 2010 tu. Katika muda huo kinu cha Petten, nchini Uholanzi, nacho kilisimama kwa matengenezo. Hospitali nyingi duniani zikaahirisha vipimo vya wagonjwa, kwani vinu vinavyotengeneza malighafi hiyo ni vichache na vingi vyao ni vizee.

MFANO WA PELINDABA

Kati ya vinu vilivyosaidia kuziba pengo hilo, kimoja kilikuwa katika bara letu. Ni kinu cha SAFARI-1, kilichoko Pelindaba, karibu na Pretoria. Kilianza kazi mwaka 1965, chini ya serikali ya makaburu, ambayo baadaye ilitengeneza kwa siri mabomu sita ya atomu. Mabomu hayo yalivunjwa, na mwaka 1993 Rais de Klerk akaitangazia dunia. Kinu chenyewe kikageuzwa kuwa kiwanda cha dawa, na leo Afrika Kusini ni miongoni mwa watoaji wakubwa wa atomu za tiba ulimwenguni. Tena, mkataba wa Waafrika wa kukataa silaha za nyuklia, uliotiwa sahihi mjini Cairo mwaka 1996, umepewa jina hilo hilo la Pelindaba.

Faida yake haikuishia katika biashara. Katika hospitali ya Steve Biko mjini Pretoria, Profesa Mike Sathekge na wenzake wamekuwa mstari wa mbele duniani katika kutumia aktiniamu 225, ambayo mionzi yake ni mikali zaidi na yafika karibu zaidi kuliko ya lutetiamu. Mwaka 2024 yalitolewa matokeo ya wagonjwa 488 wa tezi dume waliotibiwa hivyo katika Afrika Kusini, India, Ujerumani na Australia. Dawa hiyo ina madhara yake. Wengi hukaukiwa mate, na aktiniamu yenyewe ni haba mno duniani. Lakini hapa Mwafrika hakungojea kufundishwa. Alikuwa mwalimu.

India nayo yatufunza. Hutengeneza lutetiamu katika vinu vyake vya serikali karibu na Bombay, na hospitali zake za umma huwatibu watu kwa gharama ambayo mgonjwa wa Ulaya hangeamini. Kongo, kwa upande mwingine, yatuonya. Kinu cha kwanza cha atomu katika Afrika kiliwashwa huko Leopoldville, sasa Kinshasa, mwaka 1959. Kilichokifuata kilisimama mwaka 2004. Mtambo bila ya mafundi, vipuri na fedha ya kila mwaka ni jengo tu.

TUFANYE NINI?

Wapo wenzetu wasemao: "Malaria yaua watoto, zahanati hazina dawa, nanyi mwataka atomu?" Hoja hiyo ni ya haki, na haifai kudharauliwa. Jibu letu ni kwamba kila kitu kina zamu yake. Hatusemi tujenge kinu kesho. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki la Vienna, lilipoanzisha mpango wake wa Miale ya Matumaini mwezi wa Februari 2022, lilieleza kwamba zaidi ya nchi 20 za Afrika hazikuwa na tiba ya mionzi hata ile ya mashine. Lazima ngazi ipandwe kutoka chini.

Ngazi ya kwanza ni iodini. Ni ya zamani na ni nafuu. Wataka chumba cha pekee cha kumlaza mgonjwa wa dozi kubwa kwa siku chache, choo chenye tangi la kuhifadhi maji mpaka mionzi ipungue, na wauguzi wanaojua kazi. Dar es Salaam inayo Taasisi ya Saratani Ocean Road, yenye idara ya tiba ya nyuklia, na nchi inayo Tume ya Nguvu za Atomu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Msingi upo, yafaa upanuliwe uwafikie watu wa mikoani. Ngazi ya pili ni watu: mafamasia wa dawa za mionzi, wanafizikia wa hospitali, na mafundi wa mitambo, wasomeshwe na wapewe mishahara itakayowafanya wakae. Ngazi ya tatu ni kununua kwa pamoja. Nchi za Afrika Mashariki zikiagiza lutetiamu kwa sauti moja, kwa ndege moja ya kila wiki, zitapata bei ambayo hakuna hata moja kati yao iwezayo kuipata peke yake. Na muuzaji wa karibu yuko Pelindaba, si lazima tuvuke bahari.

Juu ya yote hayo, mwanamume apimwe mapema. Lutetiamu iliyo bora kabisa haimsaidii sana aliyekuja hospitali akiwa amebebwa. Matawi ya chama na vyama vya wafanyakazi yana nguvu ya kuwakusanya watu. Basi yaitumie nguvu hiyo kuwaambia wanaume waliopita miaka 50 kwamba kukojoa kwa shida si jambo la kuonea haya.

Babu zetu walichimba jiwe la dawa wasijue wanachimba nini. Sisi twajua. Hatutakuwa na udhuru iwapo wajukuu wetu watakufa kwa ugonjwa ambao tiba yake ilipita juu ya vichwa vyetu ndani ya ndege.