Bonsai Nyumbani: Tunza Mti, Linda Watoto

Bonsai ni mti unaofanywa ubaki mdogo chunguni kwa kupogolewa matawi na mizizi. Ufundi huu ulianzia China ukakuzwa Japani. Mmoja wa miti inayotumika ni waridi la jangwani, ambalo wataalamu huliita Adenium obesum. Shina lake ni nene na maua yake ni mekundu au ya waridi. Ni mti wa asili wa sehemu kame za Afrika, zikiwemo za Kenya na Tanzania. Hatumkatazi mtu kuupanda, bali tunaomba atunze mti na afya pia.

Jua na maji
Ukiwa nje, mti huu hupenda jua la saa sita au zaidi kwa siku. Ukiwa ndani, uwekwe dirishani penye mwanga mwingi. Chungu kiwe na tundu chini, na udongo uchanganywe na mchanga. Ingiza kidole: udongo ukiwa mkavu, mwagilia. Wakati wa baridi punguza maji, mizizi isioze.

Kisahani cha chini
Mbu aina ya Aedes, aenezaye homa ya dengue, hutaga mayai katika vyombo vidogo vya maji. Yai huweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10. Mbu huyu huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakitoshi. Dar es Salaam ilipatwa na mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019. Kila wiki mwaga maji ya kisahani na ukisugue kwa brashi, maana mayai hung'ang'ania pembeni na huvumilia ukavu kwa miezi.

Utomvu wenye sumu
Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi huchemsha utomvu wa mti huu na kuupaka mishale ya kuwindia. Sumu yake hudhuru moyo. Unapopogoa vaa glovu, kisha nawa mikono kwa sabuni. Mabaki yatupwe mbali na watoto na mifugo. Chungu kikae juu, mahali imara.

Mtoto akiutafuna
1. Toa mabaki kinywani, umsukutue kwa maji.
2. Usimtapishe, wala usimpe maziwa au dawa za kienyeji.
3. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama bado anacheza. Chukua kipande cha mti huo.

Dalili ni kutapika, maumivu ya tumbo, unyonge na mapigo ya moyo kwenda polepole au bila mpangilio. Utomvu ukiingia jichoni, lioshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha nenda zahanati.

Haya yote aelezwe pia yule anayebaki na watoto mchana, awe bibi, dada mkubwa au msichana wa kazi. Mara nyingi yeye ndiye atakayekuwapo.